Mafuta Niliyoyapaka kwenye Filtre ya Masera

Mkifungua kabati la bluu nyuma ya kompresa, chini kabisa, mtakuta kopo la maziwa ya unga lililotobolewa tundu kwenye kitako, na ndani yake burashi iliyokakamaa. Msilitupe. Najua Mapenzi, fundi wetu wa umeme, ataanza kufagia mara tu nitakapoacha kazi, na akianza kufagia hakuna kitu kinachopona. Kopo hilo libaki pale lilipo, na karatasi hizi zikae pamoja nalo, ili siku mtu akiuliza asome mwenyewe, asisubiri hadithi za midomoni ambazo kila anayezisimulia anatia chumvi yake.

Ninyi mafundi wangu mnanijua kama Papa Kakule wa moteri, yaani wa injini. Nimetengeneza magari hapa Bunia tangu nikiwa na nywele. Sitaandika nililipwa nini wala nilipewa cheo gani. Gareji yetu ya Nyakasanza haikuwahi kuwa na vyeo, ilikuwa na anayejua na anayebeba jeki. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa, jinsi nilivyokosea, na jinsi mtu mmoja karibu apoteze jina lake kwa sababu ya burashi hiyo.

Baba yangu alihama nasi kutoka Butembo, akafungua kibanda cha vitunguu na chumvi, akaona upesi kwamba mimi kwenye mizani ni hasara tupu. Akanipeleka kwa Muzee Udaga, mtu wa Mahagi, fundi wa malori yaliyokuwa yakipanda Mongbwalu. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati jeupe. Muzee alilitazama, akacheka peke yake, wala hakuniambia kwa nini. Jioni nilielewa.

Hakunipa spana siku ile. Alinipeleka mpaka barabarani, akachota vumbi jekundu kwa kidole, akalitemea mate, akalisugua kwenye kipande cha kioo cha lori kilichovunjika. Kisha akakifuta kwa kiganja, akakiinua kwenye jua. Kioo kilikuwa kimechorwa mistari.

"Unaona, mutoto?"

"Ninaona, Muzee."

"Hii vumbi inakataka kiyoo. Sasa mu moteri itafanya nini?"

Kwa Muzee Udaga adui wa injini hapa Ituri hakuwa umri wala mzigo, alikuwa vumbi, na kazi yote ya fundi ilikuwa kulizuia mlangoni. Malori ya wakati ule yalikuwa na kichujio cha hewa chenye bakuli la mafuta. Hewa inaingia, inapita juu ya mafuta, vumbi linanaswa mle kama nzi kwenye mchuzi. Kila wiki tulimwaga tope, tukaosha bakuli, tukatia mafuta mapya. Ilikuwa kazi chafu na nzuri, na injini zile ziliishi.

Baadaye yakaja magari yenye kichujio cha karatasi, ile tunayoiita filtre. Muzee hakuiamini. "Karatasi ni ya kuandika barua," alisema. Basi tukawa tunaipaka mafuta kwa burashi, mkunjo kwa mkunjo, ili nayo inase vumbi kama bakuli. Injini zile zilikuwa za karbureta, wala hazikulalamika sana. Na mwanafunzi aliyemaliza kujifunza, Muzee alimsimamisha mbele ya wenzake akamkabidhi kopo la maziwa lenye mafuta na burashi mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa diploma yetu. Mimi nililia nilipopewa langu, na sioni haya kusema hivyo. Wengi wenu nanyi nimewapa la kwenu, na baadhi yenu mlilia pia, ingawa leo mnakana.

Muzee Udaga alipofariki nilibaki na gareji, na magari yakaanza kubadilika. Yalikuja kutoka ng'ambo kupitia Kampala, mepesi, ya esansi, yaani petroli, na chini ya kapo, kifuniko cha injini, hukuti karbureta. Badala yake kila kitu kilikuwa kimeunganishwa kwa nyaya na kompyuta iliyofichwa pembeni, kama karani ambaye hujawahi kumwona lakini hakuna kinachopita bila yeye.

Gari la kwanza kunitoa jasho lilikuwa la mfanyabiashara wa Nizi. Lilikohoa, likatetemeka kwenye ralanti, pale injini inapozunguka bila kukanyagwa, na likikanyagwa linakata tamaa. Nilibadilisha buji, yaani plagi, nikasafisha tanki, nikashusha pampu, nikasema esansi ya bidoni, ile ya madumu, ina maji. Fundi akishindwa husingizia mafuta. Nami nilishindwa kwa siku nne. Siku ya tano nilitaka kufikia boliti iliyokuwa nyuma ya kijisanduku cheusi kwenye njia ya hewa, nikazima kontakti kwa ufunguo, nikachomoa fishi yake ya nyaya isinipingie njia. Nikawasha gari kujaribu kitu kingine kabisa, na injini ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Nikairudisha fishi, likaanza kutetemeka. Nikaichomoa, likatulia. Nilikaa chini juu ya tairi nikakitazama kile kijisanduku kwa muda mrefu. Hivyo ndivyo nilivyokutana na debimetre.

Kwa wale watakaosoma bila kuijua: debimetre ni kifaa kinachokaa kati ya filtre na injini, na ndani yake mna uzi mwembamba kuliko unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Kompyuta inapima umeme unaohitajika kuurudishia joto, inajua hewa kiasi gani imeingia, halafu inamwaga esansi ya kutosha hewa hiyo. Ukichomoa fishi, kompyuta inakosa habari, inakisia. Kama injini inakwenda vizuri zaidi kwa kukisia kuliko kwa kuambiwa, basi kuna jambo linalofaa kuchunguzwa hapo.

Msiikimbilie, lakini. Gari lile la Nizi debimetre yake ilikuwa nzima. Mpira wa hewa uliokuwa nyuma yake ulikuwa umepasuka upande wa chini, na mtu, fundi mwenzetu asiye na jina, alikuwa ameufunga kwa mpira wa baiskeli. Hewa iliingia kwa mlango wa uani bila kuhesabiwa. Tangu siku ile nawaambia: kabla hujakilaumu kifaa, pitisha mkono chini ya mpira wote, kutoka sanduku la filtre mpaka injini, kwa vidole na si kwa macho. Kisha pima umeme kwa multimetre: kwenye ralanti uwe karibu na volti moja, ukikanyaga, upande juu mara moja, bila kusita. Gonga kifaa kwa mpini wa turnevisi, yaani bisibisi, polepole. Injini ikishtuka, kuna waya uliolegea ndani. Na kama ni kuosha, osha kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme tu. Si esansi, si mswaki, si pamba, si kompresa. Mmoja wenu aliwahi kuupuliza uzi kwa kompresa ukakatika, akaniletea kifaa akiapa kwamba alikikuta hivyo. Simtaji. Anajijua, na leo ni fundi mzuri.

Debimetre iliyokufa ni rahisi. Gari halitembei, taa inawaka, kila mtu anajua pana msiba. Ngumu ni ile inayodanganya kidogo tu. Taa haiwaki, gari linatembea, linaitika, na wewe unalisifu.

Mapenzi alikuja kukodi kona yetu ya upande wa ukuta wakati huo. Mama wa watoto watatu, fundi wa umeme wa magari, alikuwa amejifunza Kampala na alirudi na valizi, ile mashine ya kuchomeka kwenye gari na kusoma kompyuta inasema nini. Wazee wenzangu walisema mwanamke na moteri wapi na wapi. Mimi sikusema kitu, si kwa wema, ila kwa sababu nilitaka kuona ile valizi. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kunawa. Alisimama mbele ya debimetre na ndoo ya maji na sabuni, hakuna kugusa bila kunawa.

"Papa, hii kintu haipendake mikono ya mafuta."

"Mimi ni fundi wa moteri, Mapenzi. Mikono yangu ni ya mafuta tangu zamani."

"Njo maana minasema unawe."

Nilinawa. Kumbe alikuwa ameniambia yote siku ile, na mimi nilisikia sabuni tu.

Sasa nafika kwenye jeep ya Masera.

Masera Consolata, mtawa, aliongoza kituo cha afya chenye nyumba ya uzazi, nao walikuwa na jeep moja nyeupe iliyokwenda kuchukua akina mama upande wa Bogoro na vijiji vya njiani. Dereva wake alikuwa Désiré, mtu mkimya, safi kupita kiasi, mwenye kitambaa cheupe katika mfuko wa shati. Alikitumia kufutia usukani kila asubuhi, na jioni mke wake alikifua. Mke wake, Mama Neema, aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Gari lile nililihudumia mwenyewe kila mara, na kwa kuwa lilikwenda kwenye vumbi baya, filtre yake niliipaka mafuta mara mbili. Niliona ni heshima kwa masera.

Ikafika wakati jeep ikaanza kunywa. Tanki lililowatosha wiki moja lilikuwa halifiki siku ya nne. Masera akamwuliza Désiré, Désiré akasema hajui, ila kwamba gari limekuwa zito kwenye mlima. Wakanipigia simu. Nikalala chini ya gari, nikaangalia tanki, mipira na pampu. Hakuna tone lililovuja. Nikaliendesha kwenye bulvari, barabara tambarare, likanguruma vizuri. Sikufungua buji. Lau ningefungua moja tu, ningeikuta nyeusi kama kitako cha sufuria, na karatasi hizi zisingeandikwa. Badala yake nikaipaka filtre mafuta mapya kama kawaida, nikarudisha gari kituoni.

Wafanyakazi walikuwa uani, wamemaliza sala ya asubuhi. Masera akaniuliza mbele ya wote.

"Papa Kakule, motokari iko na ugonjwa?"

"Masera, motokari iko muzima." Kisha nikaona watu wananisikiliza, na ulimi ukanipanda. "Esansi haina na miguu."

Watu wakacheka. Désiré hakucheka.

"Papa, miye sikwibe hata litre moja. Angalia tena."

"Nimekwisha angalia."

Hivyo tu. Sikumwita mwizi, nilisema maneno manne nikapanda pikipiki ya kukodi nikaenda zangu, nikijiona mtu wa akili. Masera hakumfukuza. Alimwondoa kwenye usukani akamweka langoni, awe analifungulia gari alilokuwa akiliendesha. Neno langu likatoka uani likafika sokoni kabla ya chakula cha mchana. Wauza samaki wakamwita mke wake Mama Miguu. Neema, binti yao, akaulizwa shuleni kama baba yake ananywa esansi. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule sikuuliza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya wiki tatu nikasikia honi nje ya gareji. Ilikuwa jeep, na kwenye usukani alikuwa Masera Consolata mwenyewe, amefunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, viatu vimejaa vumbi. Alishuka, akafunga mlango bila kelele. Mtu anayefunga mlango bila kelele akiwa na hasira ni wa kuogopwa.

"Papa Kakule, ni wiki tatu njo mi mwenyewe minaendesha. Ufunguo minalala nayo. Na esansi inaisha sawa vile. Sasa muivi ni miye?"

Nikamwita Mapenzi. Akachomeka valizi yake, akaniambia niwashe, nikanyage, niachie, nikanyage tena. Mimi nilisikia injini. Yeye alitazama namba. Kwenye ralanti kifaa kilisema hewa nyingi kuliko iliyopo, na nikikanyaga namba ilipanda kwa uvivu, ikibaki nyuma ya injini. Akaazima debimetre ya gari la aina ileile lililokuwa likisubiri breki, akaiweka, namba zikanyooka. Akarudisha ya Masera, zikapinda tena.

Kisha akaifungua, akaileta kwenye mwanga, akanipa lenzi. Ule uzi mwembamba ulikuwa umevaa koti la kahawia, mafuta na vumbi vimeshikana juu yake. Uzi ulikuwa haujafa. Ulikuwa unadanganya, na kompyuta ilikuwa inauamini. Mapenzi akaingiza kidole ndani ya sanduku la filtre, upande ule ambao hewa inapaswa kutoka safi, akakitoa kinang'aa.

"Papa, hii mafuta inatoka wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Kopo langu lilikuwa juu ya meza, burashi ndani yake. Kila mara gari la Masera lilipoletwa, nilikuwa nimelitibu kwa sumu ileile, na lilipozidi kuumwa niliongeza dozi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Changu kilikuwa mkononi, nami nilikigawa kama diploma.

Wala si kosa la Muzee Udaga. Bakuli lake la mafuta lilikuwa sahihi kwa injini yake. Ni mimi niliyelihamishia kwenye karatasi, na kutoka karatasi mpaka kwenye uzi wa umeme, bila kuuliza hata siku moja kama kitu kilichofaa jana bado kinafaa. Miaka yote nilikuwa nimeosha mikono kabla ya kugusa debimetre, kama Mapenzi alivyoagiza, halafu nikaipelekea mafuta kwa njia ya hewa.

Mapenzi alipuliza dawa, tukaacha kifaa kikauke, tukatia filtre mpya kavu. Alipokuwa akikunja nyaya za valizi akauliza bila kunitazama:

"Masera utamuambia nini?"

"Nitamwambia kifaa kimechoka. Vyombo vinazeekaka."

Akaendelea kukunja waya. Ulikuwa waya mrefu.

"Na Désiré?"

Naona aibu kuandika kwamba nilihitaji kuulizwa. Ningesema kifaa kimezeeka, Masera angenishukuru, Désiré angerudishwa kazini, pengine. Lakini watu wangesema amehurumiwa. Mtu anayehurumiwa kwa wizi ambao hakuufanya anabaki mwizi aliyesamehewa, na mke wake anabaki Mama Miguu mpaka azeeke.

Nikamwomba Masera aniruhusu kuja kesho yake, saa ya sala. Nilikwenda kwa miguu, kwapani nimebeba filtre kuukuu iliyofungwa kwenye gazeti, na kopo mkononi. Aliyenifungulia lango alikuwa Désiré. Kitambaa chake cheupe kilikuwa mfukoni, kimepigwa pasi, ingawa hakuwa na usukani wa kufuta.

"Karibu, Papa Kakule."

Angenitukana ningepumua. Alinikaribisha, na nikapita mbele yake kichwa chini.

Baada ya sala nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Nikafunua filtre, nikaiminya, mafuta yakatiririka kwenye saruji. Nikasema:

"Hii mafuta ni miye nilipakala. Njo iliharibisha debimetre, njo ilifanya motokari ikunywe. Désiré hakwibe. Alinisemea niangalie tena, miye nikakatala. Ile neno nilisemaka hapa, minairudisha mbele yenu wote."

Muuguzi mmoja aliyecheka zaidi ya wote mara ya kwanza akaanza kutazama viatu vyake. Nikamwomba Désiré msumari. Akaniletea, na jiwe pia. Nikalipindua kopo, mafuta yakamwagika yote, nikalitoboa kitako mbele yao. Diploma yangu.

Masera akatoa ufunguo akamnyooshea Désiré. Désiré hakuupokea.

"Masera, ngoja kwanza." Akanigeukia. "Papa, bibi yangu iko nauzisha sombe ku soko. Kule utaenda lini?"

"Miye sikusemaka kitu ku soko, Désiré."

"Esansi haina na miguu, Papa. Neno yako ilikuwa nayo."

Basi nikaenda sokoni. Jumamosi, soko limejaa, nimesimama kando ya meza ya sombe nikiwaeleza akina mama debimetre ni kitu gani. Jaribuni siku moja, mtajua kama mnaijua kweli. Nilianza na umeme, wakapiga miayo. Nikaona nisipoingia jikoni sitatoka hapo, nikawaambia hivi: mpishi yuko nyuma, hawaoni wageni, anamtegemea mtu wa mlangoni amwambie wamefika wangapi. Mtu wa mlangoni macho yake yamejaa mafuta. Wakiingia watano anasema kumi. Mpishi anapika cha watu kumi, kila siku, na chakula kinamwagwa. Halafu mimi nikaja nikasema aliyebeba sufuria ndiye anayeiba.

Hapo walielewa wote. Mama Neema aliinamia meza yake. Alikuwa anakata sombe, kisu kinakwenda upesi upesi. Muuza samaki mmoja mnene, aliyekuwa bingwa wa kuita majina, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe weye njo ulipakala?"

"Ni miye, Mama."

"Basi jina ni ya kwako. Papa Miguu!"

Soko zima likacheka, na mara hii Mama Neema alicheka pia, akaweka kisu chini ili acheke vizuri. Mpaka leo nikienda kununua samaki naitwa Papa Miguu, na bei wananipandishia. Nalipa bila kubisha. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopewa kopo.

Jumatatu Désiré alipokea ufunguo, na la kwanza alilofanya ni kuja kunichukua. Barabara ya ziwani ilikuwa imetulia siku zile, akanishusha mpaka Kasenyi bila maneno mengi, tukanywa chai, tukageuza. Mnajua ule mlima wa kupanda kurudi Bogoro, jinsi magari yanavyolia pale. Alikanyaga, nami nilikaa nimeshika mlango, masikio yote kwenye injini. Jeep ilipanda bila kukohoa. Katikati ya mlima akanionyesha kwa kidevu mshale wa esansi, mara moja, akarudisha macho barabarani. Nikafungua dirisha.

Miezi iliyofuata nilizunguka mji nikiyatafuta magari niliyoyapaka. Mengine yalikuwa Mongbwalu, nikawatumia ujumbe. Mafundi wenye makopo yangu niliwaita mmoja mmoja. Wengine walikasirika, na mmoja alisema namtukana Muzee Udaga kaburini. Lakini alirudi baada ya wiki na gari lenye ugonjwa uleule, tukalitengeneza pamoja na Mapenzi, akaondoka ameacha kopo lake mezani. Siku hizi nikipita kwenye gareji za watu naona filtre kavu zimepangwa ukutani, na vijana wananawa kabla ya kugusa debimetre bila kujua desturi hiyo ilianzia wapi. Sina haja wajue. Inatosha magari yapumue.

Désiré bado anaendesha. Tangu wakati ule, kila nilipomaliza kuhudumia jeep ya kituo, alifanya jambo moja. Alifungua sanduku la filtre, akatoa kitambaa chake cheupe, akakipitisha ndani, pembe zote nne, akakitazama kwenye mwanga. Kikiwa cheupe, anafunga, anashukuru, anaondoka. Kila mara, miaka yote hii, na sikumlalamikia hata mara moja. Ninyi mliona mkadhani ananidharau. Alikuwa na haki.

Jana ilikuwa huduma yangu ya mwisho. Aliileta jeep mwenyewe asubuhi, amevaa shati jipya. Nikabadilisha filtre, nikapitisha vidole chini ya mpira wa hewa, nikapima volti, Mapenzi akasoma valizi yake kwa sauti ili nami nisikie. Nikamwambia Désiré nimemaliza. Akasogea mbele ya kapo, akatoa kitambaa, nikasubiri kama kawaida. Akajifuta nacho uso, akakirudisha mfukoni, akazibana klipu za sanduku bila kulifungua.

"Twende nikusindikishe ku nyumba, Papa."

Nilitaka kunyamaza nipande gari. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka. Lakini mlikuwa mmesimama pale wote, mnatazama, na niliwahi kumwambia mtu huyuhuyu nimekwisha angalia.

"Désiré, rudi. Fungua, upanguse kwanza."

"Papa, leo hapana lazima."

"Upanguse."

Alicheka, akafungua klipu, akapitisha kitambaa pembe zote nne. Tukakiinua kwenye jua, mimi nimeshika ncha moja na yeye nyingine, Mapenzi akichungulia katikati yetu. Kilikuwa cheupe. Nikaenda kunawa mikono, kisha nikapanda mbele, tukaenda nyumbani.